Lebo ya gunia na bambo: shajara ya mradi wa meseji za mnada, Mtwara

Julai 14

Meseji ya kwanza ya majaribio imeingia kwenye simu yangu saa nne usiku: "UFUTA. Bei ya juu: %PDF-1.4. Bei ya chini: obj." Nimecheka peke yangu barazani mpaka jirani akauliza kulikoni. Nilimjibu kwamba leo ufuta umeuzwa kwa bei isiyopata kutokea.

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kuujua mradi: matokeo ya minada ya mazao huku kusini hutangazwa mtandaoni, lakini kila chanzo kina namna yake. Huyu anaweka PDF, yule jedwali la Excel, mwingine anapiga picha karatasi yenye muhuri, na wa nne anaandika ukurasa wa kawaida. Programu yangu ni ya Python, imekaa kwenye seva ndogo ya kukodi. Kila baada ya dakika 20 inazunguka vyanzo 11, inavuta kilichopo, inasoma bei na kilo, kisha inawatumia meseji makarani wa AMCOS nne, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, waliokubali kunisaidia kujaribu. Nataka itulie kabla ya minada ya korosho kuanza Oktoba, maana msimu ukishafunguliwa hakuna atakayekuwa na subira na mimi.

Chanzo cha kichekesho cha leo ni mstari mmoja niliouandika mwezi uliopita kwa kujiamini kabisa: anwani ikiishia na `.pdf` ni PDF, ikiishia na `.xlsx` ni Excel, zilizobaki zote ni ukurasa. Anwani ya leo ilikuwa ya mtindo wa `pakua.php?id=212`. Haina kiendelezi cha maana, kwa hiyo ikaingizwa kwenye kundi la "zilizobaki", na PDF ikasomwa kama ukurasa.

Julai 16

Nimeacha kuangalia anwani, sasa nasoma `Content-Type`, mojawapo ya heda, yaani mistari ya maelezo inayotangulia kila jibu la seva. Huo ndio utaratibu wenyewe wa wavuti: anayetuma anasema ametuma nini. Mfumo huu ulirithiwa kutoka kwenye barua pepe. MIME ilitoka mwaka 1992 ili watu waweze kutumiana picha na sauti badala ya maandishi matupu, na wavuti ikachukua desturi hiyo hiyo: jina la ukoo, mkwaju, jina lenyewe. `text/html`, `image/jpeg`, `application/pdf`. Baada ya hapo inaweza kufuata nukta-mkato na maelezo ya ziada, hasa seti ya herufi.

Nilidhani kazi itaisha kwa dakika kumi. Nikaandika `if aina == "text/html"`, nikaendesha, na vyanzo saba kati ya 11 vikakataliwa. Kumbe mmoja anatuma `text/html; charset=UTF-8`, mwingine `text/html;charset=utf-8` bila nafasi, wa tatu `Text/Html`. Zote ni halali. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti kwenye jina la aina, na nafasi baada ya nukta-mkato ni hiari. Kulinganisha heda nzima neno kwa neno ni sawa na kumkataa mtu mlangoni kwa sababu jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitambulisho.

Mafunzo ya zamani yanaelekeza kutumia moduli ya `cgi` kuichambua heda hiyo, ila moduli hiyo imeondolewa kwenye Python 3.13. Nimetumia ile ya `email.message`, ambayo ni mahali pake hasa ukifikiria historia yenyewe.

Julai 17

Mahali pake, lakini na mila zake.

Kuna chanzo kimoja hakitumi `Content-Type` kabisa. Kingine kinatuma neno tupu `pdf`, bila mkwaju. Kwa vyote viwili msimbo wangu ulisema kwa sauti ya uhakika: `text/plain`. Nimehangaika asubuhi nzima nikitafuta nani ameandika neno hilo. Hakuna aliyeliandika. Ni moduli ya barua pepe: kwenye barua pepe, kinachokosa heda huhesabiwa kuwa maandishi ya kawaida, na heda isiyo na umbo sahihi hutendewa vivyo hivyo. Kwenye HTTP, lugha ya wavuti, hakuna jambo kama hilo. Maelezo yanayotumika sasa, RFC 9110 ya mwaka 2022, yanasema heda isipokuwepo mpokeaji anaweza kukichukulia kitu hicho kuwa `application/octet-stream`, yaani baiti tu, au akachungulia mwenyewe ndani.

Kwa hiyo sasa nauliza kwanza kama heda ipo, kisha kama ina mkwaju mmoja, ndipo naiingiza kwenye uchambuzi. Isipokuwepo naandika `None`. Programu inayosema "sijui" inasaidika. Hii iliyokuwa ikijibu kwa uhakika jambo isilolijua imenila nusu siku.

Julai 19

Jumamosi. Sikugusa kompyuta, lakini mradi umepiga hatua kubwa leo kuliko wiki nzima.

Nilimsindikiza shemeji ghalani. Yeye ni karani, na walikuwa wanapokea mbaazi za mwanzo. Kila gunia lina lebo: chama, zao, daraja, uzito. Nikamwona anasoma lebo, anaitikia kwa kichwa, halafu anachukua bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, analidunga gunia ubavuni na kuchomoa punje kiganjani. Anazitazama, anazinusa, anatafuna moja. Gunia linalofuata, vivyo hivyo.

"Shemeji, kama unachoma kila gunia, lebo unaisomea nini?"

"Lebo inaniambia nitarajie nini," akasema. "Bambo linaniambia kilichomo. Vikigombana, hapo ndipo kazi yangu inapoanza."

Mzee mmoja aliyekaa juu ya mizani akaongeza, "Njomba, usiku ukiwa mrefu hata mchanga huwa mbaazi." Watu wakacheka. Msimu mmoja, nyuma sana, walipata kokoto katikati ya gunia, ndiyo maana siku hizi wanadunga juu, kati na chini.

Nimerudi nyumbani na mradi mzima kichwani. Heda ni lebo. Nimekuwa nabishana na nafsi yangu tangu Jumatatu kama niiamini au nisiiamini, kumbe swali lenyewe ndilo bovu. Shemeji haiamini lebo wala haidharau. Anaisoma, anadunga, analinganisha.

Julai 21

Nimeandika bambo langu. Linachukua baiti za mwanzo za jibu na kutafuta alama zinazojulikana. Faili nyingi zina saini yake mwanzoni kabisa: PDF huanza na `%PDF-`, picha ya JPEG na baiti FF D8 FF, PNG na 89 ikifuatiwa na herufi PNG. ZIP huanza na PK, herufi za mwanzo za jina la Phil Katz aliyeubuni muundo huo. Excel ya zamani, ile ya `.xls`, huanza na D0 CF 11 E0. Kuna mtu alikuwa anatania hapo, ukiyasoma kama maneno utaona "docfile".

```
def bambo(b):
    mwanzo = b.lstrip(b"\xef\xbb\xbf \t\r\n")[:200].lower()
    if mwanzo.startswith((b"<!doctype html", b"<html", b"<table")):
        return "html"
    if b"%PDF-" in b[:1024]:
        return "pdf"
    if b.startswith(b"PK\x03\x04"):
        return "zip"
    if b.startswith(b"\xd0\xcf\x11\xe0"):
        return "xls"
    if b.startswith(b"\xff\xd8\xff"):
        return "jpeg"
    if b.startswith(b"\x89PNG\r\n\x1a\n"):
        return "png"
    return None
```

Kuna sababu ya PDF kutafutwa ndani ya baiti 1024 badala ya mwanzo tu. Nilianza kwa kudai `%PDF-` iwe baiti ya kwanza kabisa, na ile faili ya `pakua.php` iliyonichekesha wiki iliyopita ikagoma. Lebo yake inasema `text/html; charset=UTF-8`, bambo likasema sijui, na mimi kwa macho naiona ni PDF. Nikachapisha baiti zake moja moja: 0A 0A, ndipo `%PDF-1.4`. Mistari miwili mitupu mbele.

Hapo nikaelewa makosa yote mawili kwa mpigo. Aliyeandika skripti ile ya PHP ameacha mistari miwili mitupu juu ya `<?php`. Mistari hiyo inatoka kwenda kwa msomaji kama sehemu ya mwili wa jibu, na mwili ukishaanza kutoka, heda zimekwishaondoka. Kwa hiyo pale chini anapoagiza `Content-Type: application/pdf`, amechelewa, gari limeshapita. PHP inakuwa imetuma aina yake ya kawaida, `text/html`. Kosa moja la kugonga Enter mara mbili limeharibu lebo na kuchafua gunia. Kwenye kompyuta yake huenda hata hajawahi kuliona, maana PHP ikiwekewa mpangilio wa kulimbikiza matokeo kabla ya kuyatuma, heda inawahi na lebo inatoka sahihi.

Visoma PDF vingi vimezoea kuvumilia takataka kidogo mbele, ndiyo maana faili hufunguka kwa watu na hakuna anayelalamika. Mimi nakata hizo baiti mbili kabla ya kuikabidhi faili kwa maktaba ya kusoma PDF, kwa sababu ndani ya PDF mna jedwali la nafasi zinazohesabiwa kutoka mwanzo, na mwanzo ukisogea hesabu zote zinapinda.

Nimewaandikia wenye tovuti kwa adabu, nikawaonyesha mistari hiyo miwili. Tusubiri.

Julai 22

Leo zamu ya "Excel". Anwani inaishia na `.xls`, lebo ni `application/vnd.ms-excel`, kila kitu kimepangika kama harusi. Bambo likaleta `<table border="1">`. Ni ukurasa wa HTML uliovishwa koti la Excel. Excel yenyewe huufungua baada ya kumwonya mtumiaji, mtumiaji anabonyeza Ndiyo, maisha yanaendelea. Wanaotengeneza programu za ripoti wanaupenda mtindo huu kwa sababu ni rahisi: chapisha jedwali, badilisha lebo, nenda nyumbani.

Nikaisoma kama HTML, bei zikatoka safi kuliko kwenye PDF yoyote.

Excel ya kisasa ina ugumu wa aina nyingine. `.xlsx` kwa bambo langu ni ZIP tu, na `.docx` nayo ni ZIP, na kumbukumbu ya picha 40 nayo ni ZIP. Kujua ipi ni ipi lazima ufungue ndani utafute `xl/workbook.xml`. Orodha ya yaliyomo kwenye ZIP hukaa mwisho wa faili, si mwanzo, kwa hiyo hapo baiti chache za mbele hazitoshi na inabidi kuvuta yote. Kinachonifurahisha: ndani ya kila `.xlsx` na `.docx` mna faili dogo liitwalo `[Content_Types].xml`, ambalo kazi yake ni kutaja aina ya kila kilichomo. Lebo ndani ya gunia.

Julai 24

Nilikuwa nimeweka utaratibu wa kuokoa bando: kwanza natuma ombi la HEAD, ambalo hurudisha heda bila mwili, naangalia aina, nikiridhika ndipo navuta. Nimeufuta leo. Chanzo kimoja kinajibu HEAD kwa 405, yaani hakitaki kuulizwa hivyo. Kingine kinajibu HEAD kwa `text/html` na GET kwa `application/pdf`, kwa anwani ile ile, dakika ile ile. Sasa natuma GET, ombi la kuvuta faili lenyewe, moja kwa moja lakini kwa `stream=True`, nachota kipande cha kwanza, naamua, kisha naendelea au nakata.

Kipande kiwe kikubwa kiasi gani? Kanuni za vivinjari za kunusa aina husema baiti 1445. Kazi ya namna hiyo hiyo iliyomo ndani ya lugha ya Go hutazama baiti 512 tu. Mimi nimechukua 2048, kwa sababu ya wale wa mistari mitupu.

Mtego mwingine wa leo ulikuwa wa kujitakia. Vyanzo viwili vinaniruhusu kuuliza "imebadilika tangu jana?" na kama haijabadilika hujibu 304 bila mwili. Jibu la 304 kwa kawaida halibebi `Content-Type`, na halina sababu ya kubeba, kwani hakuna mzigo. Msimbo wangu ukaandika kwenye logi "aina haijulikani" mara 72 kwa siku moja, na kunitumia tahadhari kila mara. Simu imelia usiku kucha, mke wangu amehamia chumba cha watoto.

Kwa hiyo: namba ya hali kwanza. 304, futa ombi, nenda zako. 404 au 500, hata kama lebo ni nzuri, hiyo ni barua ya kuomba radhi na si matokeo ya mnada. Na ipo mbaya kuliko zote: 200 yenye ukurasa wa kuingiza nywila mahali palipotakiwa faili. Hali inasema sawa, lebo inasema HTML na ni kweli HTML, bambo linakubali. Wote wanasema ukweli na bado si unachotaka. Kwa hilo nimeweka kwa kila chanzo orodha fupi ya aina ninazozitarajia. Chanzo kinacholeta PDF siku zote kikileta HTML leo, nasimama.

Julai 25

Faili tano mfululizo zinaanza na 1F 8B. Nilidhani vyanzo vimebadilika vyote kwa pamoja. Hapana, mimi ndiye nilibadilika: jana nilisoma kutoka `r.raw`, ambayo hutoa baiti kama zilivyopita kwenye waya, zikiwa bado zimebanwa kwa gzip. `iter_content` hufungua mbano kwanza. `Content-Type` inaeleza kitu chenyewe, `Content-Encoding` inaeleza kilivyofungwa kwa safari. Umeme ulikatika saa tisa, nikaenda Feri kutazama watu wanavyovuka kwenda Msangamkuu.

Julai 29

Hii ya leo imenigusa zaidi, labda kwa sababu ni ya lugha yetu.

Meseji ya majaribio ya Lindi imekuja na jina la kata ya Ng'apa likiwa limeandikwa "Ngâapa". Karani aliyeipokea alidhani ni kijiji kipya. Kwenye ukurasa wa chanzo jina limeandikwa kwa kile kiritifaa kilichopinda, ’, ambacho kompyuta huweka yenyewe mtu anapoandika kwenye Word. Kwa UTF-8 alama hiyo ni baiti tatu: E2 80 99. Lebo ya ukurasa ilisema `text/html` na kunyamaza, haikutaja seti ya herufi. Maktaba ya `requests`, inayonivutia kurasa, ikikuta aina ya `text` isiyotajiwa seti huchukulia ISO-8859-1, kama ilivyoagizwa na kanuni za HTTP/1.1 za mwaka 1999. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2014, ila mazoea hayaondoki kwa tangazo. Kwa ISO-8859-1 baiti tatu zile zinakuwa â na alama mbili zisizoonekana.

Hasara yake si ya kuonekana tu. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160 ikiwa zote zimo kwenye alfabeti ya GSM. Kiritifaa kilichonyooka kimo. Kilichopinda hakimo, na â nayo haimo. Herufi moja ya nje ikiingia, meseji nzima hubadilishiwa usimbaji na nafasi hushuka hadi herufi 70. Meseji yangu ya herufi 118 ikagawanyika kuwa mbili, na nikalipia mbili. Zidisha kwa kila karani, kila mnada. Nimekuwa nalipa kodi ya ng' bila kujua.

Marekebisho: naangalia kwanza kama baiti za mwanzo ni EF BB BF, alama ya UTF-8, kwani hiyo hushinda hata heda. Kisha seti iliyotajwa kwenye heda. Kisha `<meta charset>` ndani ya baiti 1024 za mwanzo. Ukurasa huu ulikuwa nayo na ilisema UTF-8 wazi kabisa, sikuuliza tu. Vyote vikikosa najaribu UTF-8 kwa ukali, ikigoma naangukia windows-1252. Mwisho kabla ya kutuma, kila kiritifaa kilichopinda kinanyooshwa.

Faili langu la majaribio sasa lina maneno matatu: Ng'apa, ng'ombe, ming'oko. Nilipolisoma kwa sauti nikakumbuka sijala ming'oko tangu mwaka jana.

Agosti 2

Siku ya kuandika sera, yaani vikigombana tunafanyaje. Nimeketi na shemeji tukaijadili kama mambo ya ghala.

Lebo na bambo vikikubaliana, pita. Lebo ikiwa haipo au ni `application/octet-stream`, bambo linaamua, kwa sharti kwamba jibu lake limo kwenye orodha ya chanzo hicho. Bambo likinyamaza, lebo inaamua, kwa sababu kuna vitu visivyo na saini kabisa. CSV ni mfano mkubwa: ni maandishi tu, hakuna baiti inayosema "mimi ni CSV", na hata sentensi yenye mikato mingi inafanana nayo. Ukikosa lebo hapo umekosa kila kitu. JSON ina unafuu, unaijaribu kuisoma, ikisomeka imesomeka.

Vikigombana waziwazi, nilitaka bambo lishinde. Shemeji akakataa. "Gunia lenye lebo ya korosho likitoa mbaazi, mimi siandiki mbaazi nikaendelea. Naliweka pembeni namwita mwenye nalo." Nikamwambia kwamba vyanzo vyangu viwili vinagombana kila siku, na wenye navyo hawapokei simu. Tukakubaliana hivi: ugomvi unaojulikana unaandikwa kwa jina kwenye mpangilio wa chanzo husika, "huyu husema HTML huleta PDF", na huo unapita. Ugomvi mgeni unawekwa pembeni, hakuna meseji inayotoka, mimi napata tahadhari moja. Moja tu.

Agosti 8

Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Niliwaonyesha makarani wawili mfumo kwenye simu, mtandao ulikuwa mzito kwa wingi wa watu. Mmoja aliuliza swali moja tu: kama bei ikikosewa analaumiwa nani. Nimerudi na mche wa mkorosho nisiokuwa na pa kuupanda.

Agosti 11

Baada ya mwezi wa kuwanyooshea wengine kidole, leo kimenigeukia.

Nimeongeza ukurasa ambao karani anapakua muhtasari wa wiki kama CSV. Kwenye kompyuta yangu unafunguka. Kwenye simu ya karani wa Newala unashuka kama faili lisilo na jina la maana, na simu inasema haina programu ya kulifungua. Nikatazama heda zangu: `application/octet-stream`. Orodha ya viendelezi ya seva yangu ya mbele haikuwa na `.csv`, kwa hiyo ikatoa jibu la asiyejua. Sasa nataja mwenyewe ndani ya msimbo: `text/csv; charset=utf-8`, pamoja na `Content-Disposition` yenye jina la faili. JSON zangu zimebaki `application/json` bila seti ya herufi, kwani JSON inayopita mtandaoni ni UTF-8 kwa kanuni.

Nimeongeza pia `X-Content-Type-Options: nosniff` kwenye kila jibu. Vivinjari navyo vina bambo lao, na zamani walilitumia kwa pupa: mtu anapakia "picha" ambayo ndani yake mna HTML yenye skripti, kivinjari kinanusa, kinaona HTML, kinaiendesha kwa jina la tovuti yako. Microsoft walileta heda hiyo na Internet Explorer 8 ili seva iweze kusema: usinuse, niamini. Ukishaiweka, lebo zako lazima ziwe sahihi, kwa sababu umemnyang'anya msomaji bambo. Laha yangu ya mitindo, iliyokuwa ikitoka kama `text/plain`, iligomewa pale pale na ukurasa ukabaki uchi. Nimeirekebisha. Haki yangu.

Agosti 19

Matokeo ya mbaazi. Mzunguko wa kwanza wa kweli, vyanzo vyote 11 pamoja na fomu mpya ambayo makarani wanapakia wenyewe. Kumi na moja wamepita, wawili kati yao kwa sera ya ugomvi unaojulikana. Wale wa mistari miwili mitupu bado wanayo.

Kwenye fomu, faili moja limewekwa pembeni. Jina: `MBAAZI.xlsx`. Aina iliyotajwa na kivinjari: ile ndefu ya Excel ya kisasa. Bambo: FF D8 FF.

Nikampigia karani. "Kaka, faili ulilopakia ni picha."

"Ni picha, ndiyo. Fomu yako ilikataa picha, inataka Excel. Nikaibadilisha jina, ikakubali."

Sikuwa na la kusema. Mimi ndiye niliyeweka kichujio cha viendelezi kwenye fomu, mwezi mzima baada ya kuapa kwamba viendelezi sivitazami tena, na kichujio hicho kikamfundisha mtu mkweli kuandika lebo ya uongo. Nimekiondoa. Fomu sasa inapokea chochote, bambo linaamua, na picha zinakwenda kwenye foleni ya kusomwa kwa macho.

Nikaifungua ile picha nisome bei kwa mkono ili meseji zisichelewe. Karatasi imenyooka, muhuri unaonekana, kilo zinasomeka. Safu ya bei imefunikwa na kidole gumba. Karani amesema ataipiga upya akitoka kuswali alasiri.